Wageni wa fungate: shamba moja na kiwanda kimoja vinatosha kwa siku

Leo siandiki kuhusu mbolea wala bei ya mchuzi wa zabibu. Naandika kuhusu maharusi, kwa sababu wameanza kuwa wateja wetu na tunawapokea vibaya.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuamka kwake na jioni akawa anatembea katikati ya mizabibu. Miongoni mwa wanaokuja wamo waliofunga ndoa majuzi. Likizo yao ni fupi na mfuko umeshatobolewa na harusi, ila wanataka siku moja ya kukaa pamoja, waone zabibu, waonje mvinyo. Wanampigia simu dereva, dereva anakupigia wewe, na ratiba inayotoka hapo ni ya kampeni za uchaguzi.

Agosti mwaka jana dereva mmoja aliwapangia maharusi vituo vitano kwa siku. Waanzie shamba la Hombolo, waende kiwandani, wavuke mji mpaka Mpunguzi njia ya Iringa, waingie kiwanda kingine, wamalizie Makutupora njia ya Arusha. Kila mwenyeji aliambiwa ajiandae. Mama mmoja wa Mpunguzi akachinja kuku wawili na kuwaweka jikoni tangu saa tano. Gari lilifika saa kumi na moja jioni. Bibi harusi alikuwa amelala kiti cha nyuma, mumewe kichwa kinamgonga kwa jua na kuonjaonja tangu asubuhi. Walipiga picha moja, wakaomba radhi, wakaondoka. Makutupora hawakufika kabisa. Yule mama hakulipwa hata shilingi, na nilikuwepo alipokuwa akiwagawia majirani wale kuku.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wageni wa fungate wapangiwe shamba moja na kiwanda kimoja, vyote upande mmoja wa mji, na chakula katikati. Anayekwenda Hombolo asivuke tena kwenda njia ya Iringa. Akimaliza mapema aende kukaa kando ya bwawa la Hombolo mpaka jua lipungue.

Najua jibu lenu, maana nimelisikia kwenye mikutano ya ushirika: "Afisa, ukimpeleka mgeni kwa mtu mmoja, sisi wengine tunakula nini?" Swali ni la haki. Lakini angalieni hesabu ya siku ile. Wenyeji watano walijiandaa, na kwa jumla waliuza chupa mbili na kilo chache za zabibu, kwa sababu mgeni anayeharakishwa hafungui pochi. Wekeni zamu kwenye kikundi. Wiki hii wageni ni wa kwako, wiki ijayo wa jirani, na mwenye zamu anunue kuku, mboga na maji kwa wenzake. Hapo hata muuza genge anapata.

Sasa siku yenyewe. Waambie watoke mjini saa moja asubuhi. Zabibu huvunwa vizuri kukiwa bado na ubaridi, na jua la mchana la Dodoma mnalijua. Wape mkasi na kikapu kidogo, wakate wenyewe vichala vichache, upime kwenye mizani wakiona. Bei itaje kabla hawajakata. Mimi sioni ubaya kuuza juu ya bei ya kiwanda, kwa kuwa umewapa muda wako na kivuli chako, ila uiseme mapema.

Wakiuliza, una mengi ya kuwaambia. Waambie kwamba nchi za baridi huvuna zabibu mara moja kwa mwaka, nasi huvuna mara mbili kwa sababu tunapogoa mara mbili, na kwamba kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Waonjeshe Makutupora nyekundu, kisha Chenin Blanc kama unayo, wasikie tofauti mdomoni. Hayo yanatosha. Tandika mkeka chini ya mti, weka maji, ondoka. Hili ndilo linalotushinda. Tunamfuata mgeni hatua kwa hatua, watoto nyuma, shemeji anataka picha. Hao wako kwenye siku zao saba, waacheni wazungumze.

Kuhusu ubwiri: kama umepuliza dawa wiki hiyo, usiwaingize shambani. Dawa nyingi za ukungu zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, na mgeni anakula zabibu hapohapo bila kuosha. Andika tarehe ya kupuliza kwenye daftari. Ukipigiwa simu na siku hazijatimia, mpishe mwenye zamu inayofuata. Vilevile pendekeza Agosti na Septemba kuliko mavuno ya Februari na Machi. Wakati ule mvua zipo, njia ni tope na ubwiri ni mwingi.

Chakula kiwe chepesi na kiwe kabla ya mvinyo. Ugali, kuku wa kienyeji, mlenda kwa anayeuweza. Tumbo tupu ndilo lililomwangusha yule bwana harusi.

Kiwandani waende mchana, baada ya kula, na lazima mtu apige simu siku mbili kabla. Msimu wa mavuno ndio shamba linapopendeza, lakini ndio kiwanda kina foleni ya magari ya zabibu na mafundi hawana nafasi. Ukikubaliwa saa moja tu, ichukue. Inatosha kuona zabibu zinavyopondwa, matangi, na jinsi mvinyo mwekundu unavyochachuka pamoja na maganda yake ndipo upate rangi, wakati mweupe hukamuliwa kwanza. Halafu waonje aina tatu au nne, kidogokidogo. Mvinyo mwingi una kilevi cha asilimia 12 hadi 14, bia nyingi ni karibu 5, na watu hunywa mvinyo kana kwamba ni bia. Kuonja na kutema si ufidhuli, ndivyo hata waonjaji wa kazi wanavyofanya. Dereva asionje hata tone. Kama maharusi wamekuja na pikipiki yao wenyewe, chupa zifungwe, wakafungulie walikofikia.

Na wapo maharusi wasiokunywa kabisa, kwa dini au kwa hiari, au mmoja anakunywa na mwenzake hanywi. Uliza kwa simu kabla hawajaja, usiulize mbele za watu. Juisi ya zabibu iliyokamuliwa asubuhi ileile na kuwekwa kwenye maji baridi inauzika vizuri, na shamba halibagui.

Neno kwa wanaotengeneza mvinyo nyumbani: usiwauzie wageni bila leseni na bila kupimwa ubora. Najua wako ni mtamu. Mgeni mmoja akiumwa tumbo kwenye fungate yake, kijiji kizima kitasemwa.

Yule mama wa Mpunguzi ameniambia msimu huu hawashi moto mpaka apokee fedha yote ya chakula kwa simu. Nimemshauri achukue nusu kwanza na nusu wakishakula, kwa kuwa wapo maharusi nao waliowahi kulipa yote wakakuta mwenyeji amekwenda mnadani. Bado anafikiria.