Linganisha Februari na Februari

Nimekuwa kimya wiki mbili nzima, mnisamehe, majaribio yalinibana. Leo sina stori za bumu wala za sapu. Nina jambo linaniuma kuhusu mazoezi, na najua humu kuna wanaokimbia alfajiri na wenye baiskeli, kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho ndipo mnishambulie.

Mshikaji wangu wa chumba ameacha kukimbia. Siyo amepumzika, ameacha kabisa. Saa kauza, viatu kampa mdogo wake. Huyu jamaa alikuja kutoka Arusha na pumzi ya ajabu, tukipanda Mlima huu wa chuo mimi naongea kwa ishara, yeye anaimba. Alikuwa anautaka ubavu wa timu ya chuo. Kilichomtoa ni namba. Saa yake ilikuwa inampa ile VO2max, yaani kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kwao ilisoma 51. Akafika Dar mwezi wa 11, ikawa 49, kufika Februari iko 46. Jamaa akachanganyikiwa. Akaongeza kasi, kila siku anakimbia kama anafukuzwa na mbwa, mpaka mifupa ya mbele ya miguu ikaanza kumuuma. Namba ikazidi kushuka. Siku moja akaniambia, "Kaka, kumbe sina kipaji."

Iliniuma, kwa sababu ile saa haijawahi kupima oksijeni yake hata siku moja. Kupima kweli ni kuvaa barakoa maabara, ukimbie kwenye mashine mpaka uishiwe, wao wanapima hewa unayovuta na unayotoa. Saa inakisia tu: inaangalia mwendo wako, inaangalia mapigo ya moyo, inapiga hesabu. Sasa Dar mwezi wa pili, kaskazi hiyo, jasho linatoka ukiwa umekaa. Moyo unakuwa na kazi mbili, upeleke damu kwenye misuli na upeleke nyingine kwenye ngozi ili mwili upoe. Jasho nalo linapunguza maji ya damu. Matokeo yake, kwa mwendo uleule mapigo yanapanda. Saa inaona mapigo yamepanda, inaandika pumzi imeshuka. Kuna saa zinazojaribu kurekebisha joto kwenye hesabu zake, ila ya mshikaji sidhani kama ilikuwa na habari. Na alitoka kwenye mwinuko wa mita kama 1,400 na baridi lake, akaja pwani. Kulinganisha namba mbili hizo ni kama kulinganisha bei ya nyanya ya masika na ya kiangazi halafu ukasema mkulima amekuwa mwizi.

Mimi sina saa hiyo. Nina kaunta buku, ambayo jamaa wa ghorofa ya pili wanaicheka sana, na mkanda wa kifuani wa mtumba. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 12 asubuhi, sijanywa hata chai, nakimbia kilomita 5 njia ileile, na sharti ni moja: mapigo yakae 150. Yakizidi napunguza mwendo, hata ikibidi nitembee mbele ya mabinti. Naandika muda, joto na nimelala saa ngapi. Basi.

Februari 2024 nilitumia dakika 35 na sekunde 40. Julai 2024, dakika 31 na sekunde 50. Kha! Nilitamba mwezi mzima, waulizeni. Karibu dakika 4 nimeondoa, nikajiona nimeshaiva. Halafu ikaja Februari 2025, na mazoezi sikuacha: 34 na sekunde 5. Hapo ndipo niliponyamaza. Sehemu kubwa ya ule ubingwa wangu ilikuwa kipupwe. Maendeleo yangu ya kweli, Februari kwa Februari, ni dakika 1 na sekunde 35. Si haba, na nayaamini kuliko yale ya Julai. Julai 2025 nikapata 30 na sekunde 55, yaani chini ya dakika moja kulinganisha na Julai iliyopita. Pumzi inakua polepole hivyo, jamani. Anayetaka kuiona kila asubuhi kwenye kioo cha saa anatafuta presha tu.

Wa baiskeli ndio mna kazi zaidi. Kuna kaka mmoja wa uhandisi anakwenda Bagamoyo na kurudi, jioni anatuonyesha wastani wa spidi yake kwenye Strava. Namheshimu, ila spidi ya tambarare haimwambii kitu. Upepo wa bahari ukigeuka, au ukijificha nyuma ya lori, umeshapata kilomita 3 kwa saa za bure. Wenye hela wana kifaa cha kupima wati kwenye pedeli, wanagawanya wati kwa mapigo, wanafuata jibu lake mwezi kwa mwezi. Asiye nacho atafute mlima. Nilimshauri aende Pugu, apande kipande kilekile kwa mapigo yaleyale, apime dakika. Mlimani spidi ni ndogo, upepo hauna nguvu sana ya kukudanganya. Akasema Pugu hakuna watu wa kumwona. Haya.

Kuna wanaosema haya yote ni mambo ya wazungu, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 bila saa ya mapigo. Kweli kabisa. Ila saa ya kupima muda ilikuwepo, na mita 1500 hazibadiliki. Halafu mwangalieni Alphonce Simbu. London 2017 alipata shaba ya dunia kwa saa 2:09:51. Tokyo, Septemba 2025, akachukua dhahabu kwa 2:09:48. Anayesoma namba peke yake atasema miaka 8 kaongeza sekunde 3. Hajaliona joto la Tokyo.

Na msidhani naabudu kaunta buku, maana nimeshaidharau ikaniadhibu. Kila nikiamka, kabla sijashuka kitandani, napima mapigo shingoni sekunde 30 mara mbili. Kawaida yangu ni 54 mpaka 57. Mwaka jana kabla ya mitihani nikaamka na 68, kesho yake 70. Nikaandika vizuri kabisa kwa peni nyekundu, nikajiambia ni mawazo ya mtihani, nikavaa viatu. Kilomita ya tatu nikakaa chini pembeni ya barabara, mama muuza vitumbua ndiye aliyenipa maji. Zahanati wakakuta malaria. Kitabu hakikujua ni malaria, ila kilishasema kuna kitu, siku mbili kabla.

Mshikaji nimemwambia yote haya. Anasema nimechelewa, saa imeshauzwa. Nikamwambia saa haihitajiki, mkanda wangu tutapokezana, yeye atangulie mimi nifuate. Hajajibu, amegeukia ukutani. Kesho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nimeweka kengele ya saa 11 na nusu, na viatu vyangu vya zamani, namba 42 kama yake, nimeviacha upande wake wa kitanda.