Kabla Hujanunua Kidani cha Konokono wa Jiwe



Mimi nashona magauni ya harusi hapa Likombe, Mtwara. Mwaka jana alikuja bi harusi kujaribu gauni lake, siku tatu kabla ya nikaha, kavaa kidani cha konokono wa jiwe, rangi ya asali. Alikinunua kwa simu kwa fedha ya mahari yake. Aliambiwa ni kiumbe wa bahari wa miaka milioni mia moja, tena analeta bahati ya ndoa. Mimi napenda sana vitu hivi, ninavyo vitatu kabatini, nikaomba nikishike. Chepesi mno! Nyuma nikaona vipovu vya hewa. Kwa ruhusa yake nikapasha sindano moto, nikagusa kwa nyuma. Ikazama, ikanuka plastiki. Mtoto wa watu alilia, akanisihi nisimwambie mama yake.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja: kisukuku ambacho muuzaji hawezi kukuambia kimetoka wapi, usikinunue, hata kiwe kizuri vipi.

Visukuku ni mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Huyu tunayemwita konokono si konokono. Anaitwa amonaiti, ni jamaa wa pweza na ngisi, na alikaa kwenye chumba cha mwisho cha gamba lake. Amonaiti walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile walipotoweka dinosaria. Wengi wanaouzwa wakiwa wamepasuliwa katikati na kung'arishwa wanatoka Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Moroko nako vipo vingi vya kweli, na wapo mafundi hodari wa kuviigiza.

Basi kagua kama unavyokagua kitambaa. Mimi hariri naichoma uzi mmoja kabla sijalipa. Jiwe la kweli ni zito na baridi mkononi, halina vipovu. Gamba la juu likibanduka, amonaiti huwa na mistari iliyopindapinda kama darizi ya kofia. Ukiona mistari iliyonyooka kwa kisu, rudisha. Na habari ya bahati, dada yangu, hiyo unajua mwenyewe inaombwa kwa nani.

Swali la "kimetoka wapi" lina upande wa pili, nao unanigusa kama mtu wa kusini. Baadaye aliletwa kwangu mzigo wa magamba ya jiwe kutoka porini Lindi, niwauzie maharusi na wageni. Faida ilikuwa nzuri, na wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya duka. Nilikataa.

Lindi ndiko kwenye kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa iliyosafirishwa ilizidi tani 200. Babu zetu waliibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina lake. Yule mjusi mkubwa, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, bado yuko Berlin, na bungeni kwetu ameshazungumzwa mara nyingi.

Wengi hawajui kwamba pale Tendaguru tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za magamba ya bahari. Magamba hayo yamewasaidia wataalamu kujua umri wa mifupa, kiasi cha miaka milioni 150. Ukilichomoa gamba ukalitia kwenye mfuko wa rambo, limebaki pambo tu. Ni sawa na kuchana ukurasa wa kitabu ukafungie karanga.

Nitaambiwa mawe yamejaa porini na watu wana njaa. Njaa naijua. Lakini anayeokota hulipwa kidogo, na utajiri humfikia mtu wa mwisho, mbali na Lindi. Mifupa ya kale ya wanyama wenye uti wa mgongo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, huwezi kuichimba wala kuipeleka nje bila kibali. Magamba ya Tendaguru mimi nayahesabu humohumo.

Sisemi usivae. Nunua kwa mwenye duka anayejulikana, akuandikie risiti yenye jina la kiumbe na mahali kilipotoka. Na wewe unayeuza, kumbuka Mtume (S.A.W) alivyotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta chini kimelowa, akamkanya mwenye mali. Kama ni plastiki, sema plastiki. Wapo watakaoipenda kwa bei yake.

Yule bi harusi aliolewa na mkufu wa shanga niliomtungia usiku mmoja, na alipendeza, mashaallah. Kile kidani aliniachia. Nimekitundika karibu na cherehani, kikiwa na alama ya sindano mgongoni. Mteja akikiulizia bei, namwambia hakiuzwi, kisha namsimulia.