Kinga nzuri ni ipi?

Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifanyika Kigali, katika nchi ya Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo ya barabarani kufanyika katika Afrika. Mtoto aliyeona picha za kinga zile za mbio atasema: «Kinga ya baba ni nzito kama gogo. Afadhali ile nyepesi.» Je, asema kweli?

Tufanye hesabu. Sheria ya mashindano yataka kinga isipungue kilo 6,8. Kinga ya chuma ya kazi yaweza kufika kilo 20. Lakini kinga haiendi peke yake. Mtu wa kilo 60 akipanda ile nyepesi, jumla ni kilo 66,8. Akipanda ile nzito, jumla ni kilo 80. Basi, kinga moja si mara tatu ya nyingine tena. Mzigo ukiongezwa, tofauti inazidi kuwa ndogo.

Tazameni sasa watu wanaoleta makala Lubumbashi. Wanafunga magunia juu ya kinga, wanaisukuma katika mchanga na mashimo. Mipira yao ni mipana, karibu milimita 40, haizami upesi. Mipira ya kinga ya mbio ni myembamba, nayo inapenda barabara ya lami. Tena kinga ile haina mahali pa kufungia gunia.

Mwenye mbio anainamisha mgongo ili apasue upepo. Mwenye kinga ya kazi anaketi wima. Anaona mbele yake shimo, mbuzi na mtoto. Mwenye mbio akiharibikiwa, motokari inamfuata na fundi na kinga nyingine. Mwuza makala akitoboka mpira porini, fundi ni yeye mwenyewe.

Kinga ya mbio si mbaya. Ni nzuri kwa kazi yake, ni kusema kushindana. Lakini jamaa wenye feza ya kinga moja tu wasichague kwa macho. Waulize kwanza: Njia yetu ni ya namna gani? Tutabeba nini? Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Siku mama mgonjwa anapoketishwa nyuma ili apelekwe hospitali, hatauliza kinga ina kilo ngapi. Ataomba tu ifike.