Nia Peke Yake Haitoshi



Kila Januari, na tena Jumatano ya Majivu, sisi wauguzi husikia maazimio ya kila namna. Huyu ataacha pombe ya ndizi, yule ataacha sigara, mwingine atameza vidonge vya presha bila kuruka siku. Ifikapo Juni, baridi ya Kasulu inapoanza kuuma, wengi tunawaona kliniki wakiwa palepale walipokuwa. Hatuwacheki, maana nasi tumo. Tuliwahi kuazimia kupunguza sukari katika chai, na kabla ya mwezi kwisha kijiko cha tatu kikarudi kikombeni.

Watu husema aliyeshindwa hana nia. Sisi hatukubali. Nia anayo, alichokosa ni mpango na shahidi.

Watazameni wagonjwa wa kifua kikuu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alisaidia kuujenga. Utaratibu uliojaribiwa hapa Tanzania ukawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika nchi nyingine miaka ya 1990. Mgonjwa hupewa dawa zilizopangwa, muda unaojulikana, kadi ya kuandikwa, na mtu wa kumwona akimeza. Tiba ya kawaida ni miezi 6, na siku hizi mgonjwa aweza kumezea nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Basi mkulima wa Kibondo aliyeshindwa kuacha sigara kwa wiki mbili huimaliza miezi yote 6. Moyo wake ni uleule, ila safari hii hakuachwa peke yake.

Sasa mtazameni mgonjwa wa presha. Tulimpokea mzee mmoja, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu. Tukamwuliza mkewe, “Mama, vidonge vyake viko wapi?” Akajibu, “Sista, vimo sandukuni. Alisema kichwa hakimwumi tena, kwa hiyo amepona.” Mzee huyo alikuwa ametuahidi kwamba atameza kila siku, na aliahidi kwa moyo. Lakini saa ya kumeza haikupangwa, wala nyumbani hakuna aliyepewa kazi ya kumkumbusha. Presha hupanda kimya, na mara nyingi haimwumizi mtu mpaka kiharusi kimpate.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, azimio liwe dogo na lipimike. “Nitakula vizuri” haipimiki. “Sitaongeza chumvi mezani” yapimika. Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, hata kama chumvi hiyo ni ya Uvinza kwetu. Na iwe yenye madini joto.

Pili, lifungeni azimio kwenye jambo mnalolifanya kila siku: “Nikimaliza kunawa uso asubuhi, nameza kidonge.”

Tatu, tafuteni shahidi. Awe mke, mume, mtoto anayesoma, au mwenzenu mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mtu wa kuuliza kwa upole, asiyetangaza mambo ya watu kisimani.

Nne, mkianguka siku moja, msitupe yote. Phillippa Lally na wenzake wa London walitoa utafiti mwaka 2010 kuhusu watu waliojizoeza jambo moja jipya kila siku. Kwa wastani zilihitajika siku 66 jambo hilo likae lenyewe. Wengine siku 18 tu, na wengine walikadiriwa siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote.

Hesabuni wenyewe. Kwaresima ni siku 40. Anayeacha pombe Jumatano ya Majivu na kuirudia Jumatatu ya Pasaka anaacha mlima wakati kilele kinaonekana. Tunamwomba aongeze kama wiki saba, mpaka Pentekoste, huku shahidi wake akiwa bado yupo.

Tahadhari moja: anayekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka asipopata pombe, asiache ghafla peke yake. Aje hospitali kwanza, maana kuacha kwa namna hiyo kwaweza kumletea degedege.

Ahadi ni deni, na deni la peke yako ni rahisi kulisahau. Leo jioni, kabla ya kulala, mwambieni mtu mmoja mnaloazimia na saa mtakayolifanya. Na wewe unayeambiwa, usisubiri mwezi upite. Uliza kesho.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.