SHAURI LA UJENZI: UFA WA SAKAFU NA CHANZO CHAKE

Mtu wa Otonglo, penye barabara itokayo Kisumu kwenda Maseno na Busia, akiisha kujenga banda la motakaa yake hutumaini kwamba sakafu ya zege itaishi kuliko yeye. Kisha, pengine kabla ya mwaka kwisha, ufa huonekana umeikata sakafu toka mlangoni hata ukuta wa nyuma. Huja fundi wa kwanza na kusema yote ivunjwe. Wa pili husema ipakwe saruji juu. Wote wawili hutaja bei, wala hakuna aliyeuliza ufa umetoka wapi. Ni kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini azibaye asijue chanzo huenda akaziba kila mwaka.

Yapasa kujua kwanza kwamba zege hunywea likikauka. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutosheka na maji lita 25 hivi, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Wachanganyaji huongeza ndoo baada ya ndoo ili koleo liende kwa wepesi. Maji yale ya ziada yakiisha kutoka, zege hupungua, na kwa kuwa limeshikwa na mawe chini na kuta kandoni, hupasuka. Kwa sababu hiyo fundi ajuaye kazi hukata mistari katika sakafu mapema: ikiwa unene ni inchi 4, mstari kila futi 8 hata 10, wenye kina cha inchi 1, ili zege lipasuke mle ndani ya mstari pasipo kuonekana.

Jua na upepo nao wana sehemu yao. Mchana, upepo wa ziwani ukivuma juu ya zege bichi, uso hukauka upesi kuliko chini, na nyufa fupi fupi huonekana siku ile ile. Heri kazi ianze alfajiri, na sakafu ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi hutokana na niru: fundi hunyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda, kisha husugua mno. Hizo hazileti hatari, ila huudhi macho.

Lililo zito zaidi ni ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa tambarare za Kano, huvimba wakati wa mvua za Machi hata Mei, na kiangazi hunywea hata mkono huweza kuingia katika nyufa zake. Hakuna sakafu ya inchi 4 iwezayo kuizuia nguvu hiyo, hata ikitiwa wavu wa chuma. Dawa ni kuuchimba udongo ule na kuuondoa, kisha kujaza murramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka, si kuimwaga yote kwa mara moja na kupitisha gari juu yake, kama wafanyavyo wengi. Maji ya paa yachukuliwe mbali kwa mfereji. Mikaratusi isipandwe karibu, maana mizizi yake huunyonya udongo hata ukanywea upande mmoja.

Mwenye ufa tayari asikimbilie nyundo. Na achore kwa kalamu ya risasi msalaba kila upande wa ufa, apime nafasi iliyo kati ya misalaba, aandike tarehe ukutani, apime tena kila mwezi, mvua na kiangazi. Kisha apitishe kidole: pande zote mbili zikiwa sawa kwa kimo, na kipimo kisibadilike, zege limenywea tu, na ufa waweza kujazwa lami au gundi ya zege na gari likaendelea kulala humo. Lakini upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, au ufa ukifunguka na kufunga kwa majira, au ukiwa umepanda ukutani, basi ardhi inatembea. Fedha ya kwanza na itumike kwa mfereji wa maji, na sakafu ingoje mpaka misalaba ile imekaa kimya masika moja na kiangazi kimoja.