Deni la Karo Lisimwondoe Mzazi Shuleni

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu wengi wa Kibera huonekana wakifuata reli kwa miguu kwenda kutafuta kibarua katika eneo la viwanda. Huko Kawangware nako akina mama huondoka mapema kuelekea Lavington na Kileleshwa, wakaketi kando ya barabara kungoja mtu wa kuwaita kufua nguo. Mwenye bahati hupata kazi ya siku hiyo. Asiye na bahati hurudi mikono mitupu. Warudipo jioni, shule imekwisha kufungwa na mwalimu amekwenda kwake. Hivyo muhula mzima waweza kupita, mzazi na mwalimu wasionane uso kwa uso.

Watu wenye mishahara ya mwezi huona hayo wakahukumu upesi. Husema kwamba wazazi wa mitaa hii hawajali elimu ya watoto wao. Neno hilo si la haki. Mtu asiyejali elimu hawezi kujinyima chakula ili apeleke shilingi chache kwa mwalimu, wiki baada ya wiki, kama wengi wao wafanyavyo. Sababu iko mahali pengine, na yafaa ichunguzwe.

Msomaji aliye shambani huenda akauliza, Je, elimu ya msingi si ya bure? Ni kweli kwamba mwezi wa Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini shule za umma za karibu, kama vile Olympic na Ayany upande wa Kibera, au Gatina upande wa Kawangware, ni chache mno kwa wingi wa watoto waliopo. Ndiyo maana watoto wengi husoma katika shule zilizoanzishwa na makanisa, na vyama vya mtaa, au na watu binafsi.

Shule za Kikatoliki nazo ni za namna mbili. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin karibu na Nairobi katika mwaka wa 1899, na kwa miaka mingi misheni ndizo zilizosimamia sehemu kubwa ya shule za Waafrika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliuweka usimamizi mikononi mwa serikali, Kanisa likabaki kuwa mfadhili wa shule hizo. Namna ya pili ni shule za parokia zenyewe. Katika hizi, mshahara wa mwalimu, chaki, na mara nyingi uji wa saa nne, hutoka katika karo na sadaka. Karo isipolipwa, mwalimu naye hukosa kodi ya nyumba yake katika mtaa ule ule. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayedai karo hastahili kuitwa mtu mkatili.

Hapa ndipo taabu inapoanza. Mzazi akikosa karo ya mwezi mmoja, huona haya. Mwezi wa pili hupita njia nyingine ili asikutane na mwalimu. Mwezi wa tatu haji katika mkutano, kwa kuwa anajua kwamba majina ya wadaiwa yatasomwa mbele ya watu. Shule nayo humhesabu kuwa mzembe. Basi mtoto wake akianza kushindwa hesabu, au akianza kutoroka masomo kwenda kuokota vyuma chakavu, hakuna wa kumwambia mzazi, kwa maana mzazi na shule hawaonani tena. Deni ni la fedha, lakini hasara inamwangukia mtoto, naye ndiye asiyekuwa na hatia.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana shaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaja wazazi kuwa walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kenya ya Elimu ya Msingi, ya mwaka 2013, nayo inaweka chama cha wazazi katika shule za umma. Hakuna mahali panaposemwa kwamba heshima hiyo ni ya mzazi aliyemaliza kulipa tu.

Dawa ya kwanza ni wakati wa mkutano. Barua inayowaita wazazi siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, inamtaka mfua nguo atoe ujira wake wa siku nzima. Mkutano ule ule ukiwekwa Jumapili baada ya Misa, au jioni, haumgharimu kitu. Jambo hili ni dogo, nalo liko katika uwezo wa karani wa shule anayeandika barua.

Dawa ya pili inapatikana katika jumuiya ndogo ndogo. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi, walikata shauri kwamba jumuiya hizo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Tangu hapo majirani wachache hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao kusoma Injili na kusaidiana. Katika chumba kimoja cha mabati cha Laini Saba au cha Gatina hakuna siri kubwa. Mama kiongozi wa jumuiya anajua ni nani aliyefiwa, ni nani aliyeachishwa kazi, na ni bibi gani anayelea wajukuu peke yake. Mwalimu mkuu akishirikiana na kiongozi huyo, hupata kujua tofauti baina ya asiyetaka kulipa na asiyeweza.

Lakini jumuiya haitoshi peke yake. Shule ya Kikatoliki hupokea watoto wa madhehebu mengine na wa Kiislamu pia. Kibera yenyewe ilianzishwa na Wanubi, askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, ambao ni Waislamu. Mama wa Makina asiyehudhuria jumuiya hana budi kuwa na mlango wake. Kwa hiyo chama cha wazazi kichague wajumbe kwa vijiji, bila kutazama dini, ili kila nyumba iwe na mtu wa kuifikia.

Faida ya kufahamiana huonekana siku ya msiba. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Watoto wengi walipelekwa shambani kwa babu na nyanya zao. Shule iliyozijua nyumba za wanafunzi wake iliweza kuwatafuta. Isiyozijua ilibaki na majina katika daftari.

Tena, asiye na fedha anaweza kuwa na mikono. Fundi seremala aweza kutengeneza madawati yaliyovunjika, na mama aweza kupika uji siku asipopata kibarua. Mwalimu aandike thamani ya kazi hiyo na kuipunguza katika deni, mbele ya mashahidi wa chama cha wazazi. Lakini ilindwe isije ikawa adhabu ya maskini, na mtoto asitajwe kamwe mbele ya wenzake kwa deni la baba yake.

Mkulima mwenye mtoto wake Nairobi asidhani kwamba habari hii haimhusu. Mjukuu akifika ghafula shambani katikati ya muhula, asiulize habari za safari tu; aulize pia habari za shule, na kama kuna gunia la mahindi la kupunguza mzigo, alipeleke.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini asiye na cha kulipa leo, na aanze kwa kwenda kumwona mwalimu; na mwalimu, amwonapo mlangoni, amkaribishe kiti kwanza, kisha ndipo afungue daftari.