Bei ya bukari inaanzia wapi?

Unga ukipanda bei, tunagombana na mama muuzaji. Lakini yeye pia amenunua kwa bei kubwa. Leo tufuate ile bei mpaka inapoanzia.

Hapa Lubumbashi, mahindi na unga mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Basi yanayoamuliwa Lusaka yanafika katika sufuria zetu. Februari 2024 rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kati ya hektari milioni 2,2 za mahindi, karibu milioni 1 zilikauka, na Zambia yenyewe ikaenda kununua mahindi Tanzania. Agosti mwaka ule ule ilifunga mpaka kwa siku chache, kwa sababu Congo ilikataza bia na vinywaji vya sukari kutoka nje. Ugomvi ulikuwa wa chupa, lakini mpaka ukifungwa, gari la unga nalo linasimama.

Na mchele ni vilevile. India inauza karibu 40% ya mchele unaouzwa kati ya nchi na nchi. Julai 2023 ilikataza mchele mweupe wa kawaida kutoka, ili bei ishuke kwa raia wake. Huko nje bei ikapanda.

Tusiwalaumu. Kila serikali inatazama kwanza watoto wa kwake. Yetu je?

Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa angalau 10% ya bajeti kwa kilimo. Mwaka 2014, kule Malabo, walirudilia ahadi hiyo. Kwetu, pesa hiyo ingekuwa mbegu zinazofika mbele ya mvua ya Novemba, mbolea, na barabara ya kutoa mahindi kijijini yasiozee huko.

Bunge linaanza kikao cha bajeti tarehe 15 Septemba. Kila kikundi kichague wamama wawili waende kwa mbunge wao na maulizo matatu: Kilimo kimeandikiwa pesa ngapi? Kati ya hizo, ngapi zilitoka kweli mwaka uliopita? Mbegu zilifika tarehe gani? Muandike majibu katika daftari ya kikundi, na tarehe yake.

Wakati tunangojea, mwenye kiwanja apande muhogo: unavumilia jua, na unga wake unachanganyika vizuri na wa mahindi. Lakini kiwanja cha nyumbani hakilishi mji mzima. Yale maulizo tusiyaache.